Ndege yetu ya Lisbon imefutwa: tufute na safari?

Swali: "Habari mtaalamu. Tuko marafiki wanne tuliosoma chuo kimoja, na hii ni mara ya tatu tunapanga kukutana. Safari hii tulichagua Lisbon, kuanzia Alhamisi mpaka Jumatatu. Nyumba tumeshalipia na mwenye nyumba harudishi pesa. Wawili tunaondokea Berlin, mmoja Stockholm, na wa nne anatoka nje ya Ulaya akiunganisha ndege Frankfurt kwa dakika 55. Viza yake ni ya kuingia mara moja. Zimebaki wiki tatu. Jana shirika limefuta ndege yetu ya moja kwa moja kutoka Berlin na kutupangia nyingine ya Ijumaa inayofika usiku. Juu ya hapo tunasikia mgomo unanukia viwanjani. Mwenzetu mmoja amechoka, anasema tufute yote tupange mwaka ujao. Wewe ungefanyaje?"

Ndugu yangu, ningekwenda. Na mwenzenu aliyechoka ningemwambia jambo moja kwanza: hadi sasa hakuna aliyewafutia safari. Mmefutiwa ndege moja. Shirika likifuta ndege, linabaki na deni kwenu. Ninyi mkifuta safari, deni linahama: tiketi ya Stockholm inapotea, ya rafiki wa nne inapotea, pesa ya nyumba inapotea, na hakuna wa kumdai. Kama lazima kuna mtu wa kufuta, mwacheni awe shirika.

Tuanze na Berlin, maana huko ndiko kwenye moto.

Umoja wa Ulaya una kanuni namba 261 ya mwaka 2004, iliyoanza kutumika Februari 2005. Inamlinda kila abiria anayeondoka kwenye uwanja ulio ndani ya Umoja huo, apande shirika lolote, na pia anayeingia kutoka nje akiwa na shirika la Ulaya. Pasipoti yako ni ya nchi gani haihusiki. Kwa kuwa mmeambiwa wiki tatu kabla, fidia ya fedha hampati. Hiyo hudaiwa pale taarifa inapokuja zikiwa zimebaki chini ya siku 14. Hapa ndipo watu wengi hukata tamaa. Wakisikia "hakuna fidia" wanadhani hakuna haki, wakati haki iliyo kubwa zaidi bado iko mikononi mwao, nayo ni haki ya kuchagua. Mna njia tatu: mrudishiwe nauli, mpelekwe Lisbon kwa njia nyingine mapema iwezekanavyo, au mpelekwe siku nyingine inayowafaa nafasi zikiwepo. Chaguo ni lenu, si la shirika.

Ile ndege ya Ijumaa usiku imepangwa na kompyuta. Hakuna binadamu aliyekaa akafikiria kwamba mnapoteza siku mbili kati ya tano. Kwa hiyo msibonyeze kitufe cha kukubali kilicho kwenye ujumbe wao. Mkishakubali, mmechagua, na kurudi nyuma ni kazi. Badala yake fungueni ratiba za Alhamisi hiyo wenyewe. Tafuteni ndege zinazotoka Berlin kwenda Lisbon kwa kuunganisha, mfano kupitia Frankfurt, Paris au Madrid. Andikeni namba za ndege mbili au tatu zenye viti. Halafu pigeni simu, na msiulize "mnaweza kutusaidia?" Semeni: "Tunaomba kupelekwa kwa ndege fulani na fulani, Alhamisi, viti vipo." Mhudumu anayepewa namba ya ndege ana kitu cha kuandika. Anayepewa malalamiko hana. Wakiwaambia wanatumia ndege zao tu, wakumbusheni kwa upole kwamba miongozo ya Tume ya Ulaya kuhusu kanuni hii inatambua kumpeleka abiria hata kwa shirika lingine, bila kumwongezea gharama. Wakikataa, ombeni wakatae kwa maandishi. Nimeona mara nyingi "haiwezekani" ya simuni ikiwezekana baada ya mtu kuomba iandikwe.

Kuna mtego mmoja nataka muujue vizuri, kwa sababu umeharibia watu safari zilizokuwa tayari zimeokoka. Tuseme mmechoka na simu, mkajinunulia tiketi nyingine ya kufika Lisbon, mkaacha ile ya Ijumaa ijiendee. Jumatatu mnafika uwanjani kurudi, mnaambiwa tiketi haipo. Mashirika mengi yana sharti kwamba abiria asipotokea kwenye kipande cha kwanza, vipande vyote vinavyofuata vinafutwa. Kama mnataka kujipeleka wenyewe, zungumzeni na shirika kwanza: nauli ya kwenda irudishwe, ya kurudi ibaki, na mpate barua pepe inayosema wazi kwamba ya kurudi ni hai. Na mkumbuke kwamba ukishachukua nauli ya kipande fulani, shirika limemalizana nawe kwa kipande hicho. Halina tena wajibu wa kukufikisha wala kukulaza.

Mkiamua kujipeleka, msiitazame Lisbon peke yake. Tazameni Porto. Kutoka uwanja wa Porto kuna metro hadi stesheni ya Campanhã, na kutoka hapo treni za Alfa Pendular zinafika Lisbon kwa takriban saa tatu. Faro, kusini, nayo iko saa tatu na kitu kwa treni. Madrid inaonekana jirani kwenye ramani lakini inadanganya: treni ya usiku iliyokuwa ikiunganisha miji hiyo miwili ilisimamishwa Machi 2020 na haikurudi, kwa hiyo mtu anaishia kwenye basi la saa saba au nane. Linafaa kwa dharura, halifai kwa mpango.

Sasa naomba nikupe kisa changu, kwa sababu ndicho kilichonifundisha ninachotaka kukwambia hasa.

Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa marafiki sita tunakwenda Vienna. Theluji ikafunga uwanja tuliokuwa tunaunganishia ndege. Ndege zikaanza kupotea kwenye skrini mstari baada ya mstari, na foleni ya dawati ikazunguka nguzo mbili hadi kwenye mlango wa choo. Tiketi zote sita zilikuwa kwenye simu yangu, na simu ilikuwa na chaji asilimia 4. Nakumbuka mwenzetu mmoja amepiga magoti ukutani, kaishika waya ya chaji kwa vidole viwili kwa sababu soketi ilikuwa legevu, na kila akihema simu inazima na kuwaka. Baada ya saa mbili na nusu tukafika mbele. Mhudumu, mama mmoja mwenye sauti ya upole, akatazama kompyuta yake akasema: "Nina viti viwili vya alfajiri. Nani wawili?"

Tukatazamana. Hakuna aliyetaka kusema "mimi", na hakuna aliyetaka kumtaja mwenzake. Mmoja akasema tusigawanyike, tulikuja pamoja. Mwingine akasema basi waende wenye watoto nyumbani. Wa tatu akauliza hoteli atalipa nani. Tulijadiliana dakika tano, labda sita. Tulipogeuka kumjibu yule mama, viti vilikuwa vimechukuliwa na dawati la pili. Tulifika Vienna siku mbili baadaye, wote sita, tukiwa tumenuniana.

Theluji haikuwa kosa la mtu. Lakini kushindwa kujibu swali la "nani wawili?" kulikuwa kwetu, na tungeweza kulijibu wiki nzima kabla, tumekaa kwenye viti na akili imetulia. Tangu siku hiyo, kila kundi linaloniomba ushauri naliuliza hilo kwanza, kabla ya bima na kabla ya mizigo: mmekubaliana kugawanyika? Kundi linaloapa kusafiri bega kwa bega hukwama zima kwa ajili ya kiti kimoja. Lililokubali kwamba watu watafika kwa nyakati tofauti, kila mmoja kwa njia yake, hufika.

Ninyi mna bahati kwa hilo, maana tayari mnatoka sehemu tatu tofauti. Mkutano wenu ni Lisbon, si uwanja wa ndege. Basi kubalianeni usiku wa leo. Kama kwa upande wa Berlin kitapatikana kiti kimoja tu cha Alhamisi, nani anakipanda? Chagueni jina, si kanuni. Aliyefika wa kwanza anachukua funguo na kulala. Hakeshi uwanjani kumsubiri mtu. Kila mmoja awe na nakala ya tiketi yake, anwani ya nyumba na namba za wenzake, kwenye simu na kwenye karatasi. Hasa karatasi.

Wekeni pia mahali na saa za kukutana, kama vile hakuna simu duniani. Ningechagua Praça do Comércio, ule uwanja mkubwa ulio wazi mbele ya mto Tejo, chini ya tao la Rua Augusta. Huwezi kuukosa: mbele yako mto, katikati sanamu ya Mfalme José wa Kwanza juu ya farasi. Saa 4 asubuhi na saa 12 jioni, kila siku, mpaka mtimie wanne. Utasema hayo ni mambo ya kizamani. Aprili 28, 2025, yapata saa tano na nusu asubuhi kwa saa za Lisbon, umeme ulikatika karibu Ureno yote na Uhispania bara. Metro ikasimama, taa za barabarani zikazima, ndege zikafutwa, mitandao ya simu ikayumba, na umeme haukurudi kikamilifu hadi usiku. Siku ile, waliokuwa na mahali na saa ya kukutana walikutana.

Rafiki yenu wa nne ndiye ninayemfikiria zaidi, kwa sababu ninyi watatu mkikosea mnalala uwanjani, yeye akikosea anaweza kurudishwa.

Viza ya kuingia mara moja inahesabu kuingia eneo zima la Schengen, yaani nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao, si Ureno. Ataingia Frankfurt: hapo ndipo atakapokaguliwa, na kutoka hapo hadi Lisbon ni kama safari ya ndani ya nchi. Dakika 55 hazitoshi. Kuanzia Oktoba 12, 2025 Ulaya imeanza kuingiza mfumo mpya wa mpakani unaosajili alama za vidole na picha ya uso ya wageni wanaokuja kwa muda mfupi, na anayesajiliwa kwa mara ya kwanza huchukua muda zaidi. Aliombe shirika sasa hivi limhamishie kwenye ndege ya baadaye kutoka Frankfurt, yenye nafasi ya saa tatu hivi. Ikiwa ni tiketi moja, akichelewa watampandisha inayofuata. Kama alinunua tiketi mbili tofauti, moja ya kufika Frankfurt na nyingine ya Lisbon, hali ni nyingine kabisa: akikosa ya pili, kwa shirika lile la pili yeye ni abiria ambaye hakutokea. Mwulizeni leo ana namba moja ya bukingi au mbili.

Na hapa kuna hatari ambayo wahudumu wa dawati mara nyingi hawaioni. Ndege yake ikiharibika, kompyuta inaweza kumpangia njia ya kupitia London, kwa sababu ndiyo yenye kiti. Uingereza haimo kwenye Schengen. Kulingana na pasipoti yake, anaweza kuhitaji viza ya Uingereza hata kwa kupita tu. Na kama ameshaingia Frankfurt kisha akatolewa kupitia London, ile mara moja yake imekwisha, Lisbon hawatamruhusu. Afundishwe sentensi moja aiseme kabla ya kupokea tiketi yoyote mpya: "Viza yangu ni ya kuingia mara moja, nipitisheni ndani ya Schengen tu."

Awe na karatasi mkononi, si kwenye begi lililopakiwa tumboni mwa ndege: tiketi ya kurudi, bima, uthibitisho wa nyumba. Nyumba ikiwa imekodiwa kwa jina la mmoja wenu, mwandikieni mwenye nyumba aweke majina yote manne kwenye uthibitisho. Ni ombi la dakika mbili, na afisa wa mpakani anapouliza "unalala wapi?", jina lake lililoandikwa lina uzito kuliko maelezo marefu. Na ile bima aliyonunua kwa ajili ya viza, yenye kinga ya angalau euro 30,000, asiitegemee kwa ndege iliyofutwa. Sharti la viza linahusu matibabu, dharura na kurudishwa nyumbani. Kinga ya kuchelewa na kufutwa kwa safari huwa ni kipengele kingine. Asome karatasi yake.

Mgomo sasa.

Kwanza, Ureno migomo haivamii mtu. Kwa huduma muhimu kama usafiri, sheria ya kazi inataka taarifa itolewe siku 10 za kazi kabla, na mara nyingi huwekwa huduma za chini zinazoendelea hata siku ya mgomo. Jifunzeni neno *greve*. Mkiliona kwenye tangazo la stesheni au kwenye tovuti ya treni, hilo ndilo. Pili, ulizeni anayegoma ni nani, kwa sababu pesa inategemea hapo. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya imeamua, mwaka 2018 na tena 2021, kwamba mgomo wa wafanyakazi wa shirika lenyewe si sababu ya kuliepusha na fidia. Ni sehemu ya biashara yake. Waongoza ndege au wafanyakazi wa uwanja wakigoma, hilo kwa kawaida huhesabiwa kuwa nje ya uwezo wa shirika, na fidia haipatikani.

Lakini chakula na malazi vinapatikana vyote viwili. Hili nataka ulishike sana. Aprili 2010 majivu ya volkano ya Eyjafjallajökull ya Iceland yalifunga anga ya sehemu kubwa ya Ulaya. Kulikuwa na abiria aliyekwama Faro, huko huko Ureno, kwa wiki nzima, akajilipia hoteli na chakula, akadai shirika lake. Shirika likasema volkano si kosa letu. Mwaka 2013 mahakama ikaamua kwamba kweli si kosa lao, lakini wajibu wa kumtunza abiria hauishi hata kwa volkano, na haukuwekewa kikomo cha siku. Kwa hiyo iwe mgomo, iwe ukungu, mkikwama shirika linawajibika kwa chakula, hoteli mkilala, na usafiri wa kwenda huko. Foleni ikiwa ndefu kiasi cha kutomfikia mtu, jilipieni kwa kiasi, hoteli ya kawaida na chakula cha kawaida, na kila risiti muipige picha papo hapo. Karatasi za risiti hufifia. Nimewahi kupokea risiti nyeupe tupu kutoka kwa mtu aliyezitunza kwa uaminifu ndani ya pochi mwezi mzima.

Kama bima ya kuchelewa hamna, nunueni kabla mgomo haujatangazwa rasmi. Ukishatangazwa, bima nyingi huuhesabu kuwa jambo lililokuwa linajulikana.

Mizigo nitaipita haraka. Kwa siku nne mtu hahitaji begi la kupakia chini, na kundi lenye mabegi ya mkononi linaweza kubadilishiwa ndege dakika ya mwisho. Kuna sababu nyingine pia: njia za miguu za Lisbon zimejengwa kwa vipande vya mawe meupe vilivyosuguliwa na nyayo mpaka vinang'aa, mji wenyewe ni vilima, na magurudumu ya sanduku kubwa huko ni adhabu. Atakayepakia begi na lisitokee, asitoke ukumbi wa mizigo bila kuandikisha ripoti na kupewa namba yake. Vitu vya lazima anunue na kudai. Dai la begi lililochelewa liandikwe ndani ya siku 21 tangu alipolipata, la lililoharibika ndani ya siku 7.

Sasa mji wenyewe, maana mnakwenda kwa ajili ya mji na kwa ajili ya ninyi, si kwa ajili ya kanuni.

Lisbon ni mji mzuri kwa kundi linalofika vipande vipande. Uwanja wa ndege uko ndani ya jiji. Metro ya mstari mwekundu inaanzia hapo hapo. Mtu akishuka Alameda akabadili kwenda mstari wa kijani, anafika Rossio au Baixa-Chiado, katikati kabisa. Metro inaanza saa 12 na nusu asubuhi na kufungwa saa 7 usiku. Kwa hiyo atakayechelewa anaweza kuja peke yake, hata usiku, bila nyote kuharibu jioni kumfuata.

Kosa la makundi mengi ni kupanga jambo kubwa siku ya kwanza. Kila kitu chenye tiketi ya saa maalumu kiwekeni Jumamosi, siku ambayo hata aliyechelewa atakuwa amefika. Alhamisi na Ijumaa ziwe za mambo ambayo mtu mmoja au watatu wanaweza kuyafanya sawasawa. Pandeni mtaa wa Alfama kwa miguu mpaka kwenye kibaraza cha Santa Luzia, mtazame mapaa yakishuka kuelekea mtoni. Ingieni Carmo, kanisa lililopoteza paa katika tetemeko la Novemba 1, 1755, na ambalo hata leo limebaki na matao yake wazi juu angani. Ukisimama katikati unaona mbingu pale ambapo dari ingekuwa. Mtaa wote wa Baixa ulio chini yake, wenye barabara zilizonyooka kama mistari ya daftari, ulijengwa upya baada ya tetemeko hilo. Jioni shukeni Cais do Sodré, pandeni kivuko hadi Cacilhas ng'ambo, safari ya dakika kumi hivi, kisha mrudi jua likizama na mji mzima uko mbele yenu. Kivuko hicho hakihitaji kukatiwa tiketi wiki mbili kabla. Mwenzenu akikwama, mtakirudia naye kesho yake bila kuchoka.

Belém, mtaa mwingine wa Lisbon, iwe Jumamosi. Nyumba ya watawa ya Jerónimos hufungwa Jumatatu, kwa hiyo msiiache ya mwisho. Ndani ya kanisa lake limelala kaburi la Vasco da Gama, aliyeondoka Lisbon mwaka 1497 na mwaka uliofuata akatia nanga Mombasa, kisha Malindi. Kusoma jina hilo kwenye jiwe, ukiwa unazungumza Kiswahili na wenzako, ni jambo ambalo kitabu cha historia hakikupi. Hatua chache kutoka hapo ni mkahawa unaouza vikeki vya maziwa na mayai tangu mwaka 1837; foleni ya nje ni ya wanaobeba, ndani huwa kuna meza.

Sintra, kwa treni ya dakika 40 kutoka stesheni ya Rossio, ningeiweka Jumapili, na ningekuwa tayari kuiacha. Kasri la Pena la huko linataka tiketi ya saa maalumu, na nusu siku haitoshi kuiona Sintra bila kukimbia. Mkiwa mmepoteza siku njiani, Sintra ndiyo ya kukata. Msikate usingizi wala zile saa za kukaa tu mezani na kupiga soga. Hizo ndizo mlizozikosa mara mbili zilizopita.

Kuhusu fedha, changeni mfuko mdogo wa dharura kabla ya kuondoka, kila mtu kiasi sawa, ushikwe na mmoja. Atakayelazimika kununua tiketi ya treni kutoka Porto au kulala njiani asaidiwe na mfuko huo, na shirika likirudisha, pesa irudi humo. Bila hivyo aliyepata shida hulipa peke yake, huona aibu kusema, na unamwona tu mezani anaagiza maji.

Mkiwa Ureno, duka, hoteli au shirika lolote likiwatendea vibaya, ombeni *livro de reclamações*, kitabu cha malalamiko. Kila biashara inayohudumia watu inatakiwa kuwa nacho na kukitoa kikiombwa. Mara nyingi kukiomba kwa utulivu kunatosha.

Jumatatu ya kurudi wote wanne mtakuwa chini ya ile kanuni ya 261, hata rafiki wa nne akipanda shirika la nje ya Ulaya, kwa kuwa mnaondokea ndani ya Umoja. Mkifika mwisho wa safari mmechelewa saa tatu au zaidi kwa sababu ambayo shirika linawajibika nayo, ninyi wa Berlin na yule wa Stockholm mnadai euro 400 kila mmoja, na wa nne, kama safari yake inazidi kilomita 3,500, hadi euro 600. Ulizeni sababu ya kuchelewa pale pale, na muiandike pamoja na saa mlango wa ndege ulipofunguliwa mlikofika, kwa maana hiyo ndiyo saa inayohesabiwa. Ndege ya rafiki wa nne ikifutwa na siku za viza yake zikawa zinakwisha, asikae kimya mpaka ziishe. Sheria ya viza ya Schengen inaruhusu kuongezewa muda bila malipo kwa dharura isiyozuilika, lakini aombe kabla ya kuisha, akiwa na barua ya shirika inayosema ndege imefutwa. Huko Ureno atakwenda kwa mamlaka ya uhamiaji, AIMA.

Hayo ni ya baadaye. Kwa usiku huu kazi ni mbili. Mpigieni rafiki wa nne mhesabu naye namba zake za bukingi. Halafu wewe na mwenzako wa Berlin mfungue ratiba za Alhamisi, mchague ndege mbili, na simu ya shirika ipigwe kesho asubuhi mara tu wanapofungua, kwa sababu abiria wengine wa ndege ile iliyofutwa nao wanatafuta viti hivyo hivyo.